Mashine Isiyochechemea

"Shati gani hili umenivalisha?"

"La bluu, Baba."

"Bluu lipi? Lile shangazi yako aliloliunguza na pasi?"

"Lile lilitupwa zamani."

"Halikutupwa. Lilifichwa." Baba alipapasa kola, akashuka na vifungo kimoja kimoja, akafika chini bila kukutana na kovu la pasi. Ndipo akaridhika.

"Nakusikia!" shangazi alipaza sauti kutoka sebuleni huku akitikisa funguo za gari. "Macho yamekuishia lakini ulimi umebaki wote!"

Binti alicheka huku akimfunga baba kamba za viatu. Alihitaji kucheka. Siku hiyo mambo yake mawili makubwa yalikuwa yamepangana kwenye mlango mmoja. La kwanza lilijulikana na kila mtu nyumbani: baba alikuwa anakwenda kutoa jibu kuhusu Rula. La pili alilijua yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani.

Rula ni jina ambalo wachoraji wenzake walimpa mpenzi wa binti huyo kwa sababu hakuonekana bila rula mkononi. Alichora miraba, pembetatu na mistari, rangi imesimama kando ya rangi bila kuvuka hata kwa unywele. Naye ndiye aliyempachika binti jina la Springi, kwa kuwa kazi zake zote zilicheza: visahani vilivyopishana, vyuma vilivyozunguka, waya zilizotetemeka mtu akipita karibu. Walikuwa wamependana kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka tena sweta la kijivu ni la nani. Mwishowe Rula alijikaza, akaja nyumbani, akaposa mbele ya baba. Hakupewa jibu.

"Kijana," baba alimwambia, "kwenye sofa la mwenzake kila mtu ni mpole. Nitakujibu siku ya hayo maonyesho yenu. Nataka nikukute kazini kwako."

Rula alipoondoka, mzee akaguna. "Nasikia picha zake hazina mtu, hazina mti, hazina hata kuku. Mtu wa namna hiyo atamwona binti yangu saa ngapi?"

"Na wewe je?" shangazi alimrudishia. "Kuku umewekewa mezani na bado unauliza yuko wapi."

Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya baba dunia polepole tangu mama afariki. Sasa alibakiwa na mwanga na vivuli. Kumpeleka mtu kama huyo kwenye maonyesho ya sanaa kulionekana kichekesho, na shangazi hakuacha kulisema hilo. Lakini Springi alikuwa amemtengenezea baba yake kitu cha kusikia.

Mama alikuwa mshonaji. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni, kwa hiyo cherehani aliikanyaga kwa namna yake mwenyewe: mbili za haraka, ya tatu inachelewa. Tak-tak... tak. Binti alikua akilala na kuamka kwa mlio huo. Baba, akiwa chumba cha pili na gazeti lake, aliweza kujua mkewe amechoka au amenuna kwa kusikiliza tu. Mikanyago hiyo, kwa miaka yote ile, ilikila kile chuma kinachounganisha kanyagio na gurudumu. Tundu lake lililika upande mmoja, likaacha kuwa duara, likawa na umbo la yai. Mama alipofariki cherehani ilisukumwa stoo, ikafunikwa shuka.

Springi ndiye aliyeifunua. Alikifungua chuma kile, akakifunga nyuma ya visahani vyeupe na vyeusi vya kazi yake mpya, akakiunganisha na mota ndogo, akawasha. Chuma kikachechemea: tak-tak... tak. Alikaa sakafuni kwenye karakana yake akalia kwa sauti, hadi seremala wa jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba.

Springi alimwambia baba maneno machache tu: "Njoo siku ile. Kuna kitu nataka ukisikie."

Na baba akajibu, "Nitakuja."

* * *

Galari ilikuwa nyumba ya zamani yenye vyumba vinavyofuatana, kuta zimepakwa chokaa upya, sakafu ya mbao inayolalamika. Wasanii walikuwa kundi dogo, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake wa maumbo. Baba aliingia akiwa ameshika mkono wa binti yake juu kidogo ya kiwiko, kidevu kimeinuliwa, masikio wazi.

"Niambie," alisema.

"Mbele yetu kuna miraba myekundu na ya bluu, Baba. Imechorwa tu ukutani, lakini ukitembea inaonekana inatikisika."

"Imechorwa na inatikisika?"

"Ndiyo."

"Na walioifanya ni watu wazima?"

"Watu wazima kabisa."

"Haya. Endelea."

Alimweleza nyuzi zilizovutwa kutoka darini hadi sakafuni mpaka hewa yenyewe ikawa na mistari. Alimsimamisha mbele ya sanduku la kioo ambamo gololi za chuma zilibingirika kwenye njia zenye pembe, na baba akasikiliza akitabasamu. Mbele zaidi palikuwa na gurudumu kubwa la mabati lililoendeshwa na feni.

"Hiki kinakoroma," baba alisema.

"Kinakoroma kuliko wewe," shangazi alidakia. "Na chenyewe kimepewa chumba peke yake."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Msimamizi wa galari, mama mmoja mnene ambaye wasanii walimwita Dada Mkuu, alipita akitafuta miwani yake iliyokuwa kichwani pake, akamsalimu mzee kwa heshima na kumkaribisha. Springi aliona jinsi baba alivyonyooka. Alikuwa anafurahi. Hakuwa amemwona na furaha ya namna hiyo tangu wakati ambao hakutaka kuukumbuka, na moyo wake ulijaa kiasi cha kumuuma.

Kisha Rula akatokea.

Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Macho yake yalimtafuta Springi kwanza, yakampata, yakatulia hapo muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu mbele ya mkwe mtarajiwa. Springi alihisi joto likimpanda shingoni. Walikuwa wamejuana siku nyingi, lakini mwanamume huyu akimtazama hivyo bado alisahau mikono yake aiweke wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa mistari?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Unanuka rangi."

"Nisamehe, mzee. Nilioga."

"Sijasema vibaya. Mtu wa kazi anuke kazi yake."

Shangazi alimkonyeza Springi. Rula alisogea karibu, akamnong'oneza mpenzi wake sikioni, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya peremende na tapentaini.

"Nina zawadi yako chumba cha mwisho."

"Zawadi gani?"

"Nenda ukasikilize. Au tuseme, nenda usisikie!" Alicheka kwa utani wake mwenyewe, akambana kidole gumba kwa siri. Springi hakumwelewa. Alifikiri ni pete. Mungu amsamehe, alifikiri ni pete, akatembea kuelekea chumba cha mwisho akiwa na baba upande mmoja na mwanamume wake upande wa pili, na kwa hatua chache hizo hapakuwa na mwanamke mwenye bahati kumpita.

Mlangoni alisimama. Alikuwa amejizoeza kuusubiri mlio ule, ambao ulipaswa kuwafikia wakiwa bado kwenye korido.

Hakukuwa na mlio.

Wazo la kwanza lilikuwa umeme. Lakini taa zilikuwa zinawaka, na pale ukutani visahani vyake vilikuwa vinazunguka, vyeupe vikipishana na vyeusi, vikiungana kuwa nyota, vikiachana tena. Vilizunguka laini. Watu walisimama mbele yake wakiwa wameinamisha vichwa, na dada mmoja alimwambia mwenzake kwamba angeweza kuitazama mchana kutwa.

"Ni hapa?" baba aliuliza.

"Ni hapa, Baba."

Baba aliachia mkono wake. Alisogea mbele peke yake, taratibu, mpaka Dada Mkuu akamwonyesha kwa kumgusa bega kwamba hapo panatosha. Akainamisha kichwa upande wa sikio lake zuri. Akasubiri. Springi aliona jinsi uso ule ulivyokuwa umejiandaa, midomo imefunguka kidogo, na ulivyoendelea kujiandaa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Inatembea?" aliuliza mwishowe.

"Inatembea, Baba."

"Mbona siisikii?"

"Hapo ndipo penye uzuri, mzee!" Rula alishindwa kujizuia. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayefungulia mwenzake zawadi. "Leo asubuhi nilikuja mapema kukagua kazi zote. Nikakuta yake ina hitilafu. Ilikuwa inachechemea. Inakwenda, inakwenda, inakwama, na kelele juu. Nikasema, mwenzangu anamleta mzazi wake leo, aibu gani hii! Nikaifungua. Kumbe kuna chuma kimoja kimechakaa, tundu limekuwa na umbo la yai kabisa. Nikakimbia nacho kwa fundi wa kerezo anayechonga vyuma, nikamwamsha, akalichonga likawa duara safi, akatia na bushi mpya ndani ya tundu lisicheze. Sasa sikiliza. Hata mbu ana kelele zaidi."

Springi alimtazama mdomo wake ukisema maneno hayo. Aliyasikia yote na hakuweza kulisimamisha hata moja.

Baba alikuwa bado ameinamisha kichwa. Halafu akanyoosha mgongo, akanyoosha na mkono wake hewani, akisubiri mtu aushike.

"Lete mkono, kijana."

Rula aliupokea kwa mikono miwili.

"Nilikuahidi jibu," baba alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kidogo. "Picha zako sizioni, na hata ningekuwa na macho nadhani zingenishinda. Lakini mtu anayeacha kazi yake ukutani siku kama hii, akaenda kuwaamsha mafundi kwa ajili ya kazi ya mwenzake, huyo amempenda. Nimekubali. Mchukue. Mtunze."

Shangazi alipiga makofi. Watu wasiowajua nao wakapiga, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Rula alikuwa na machozi. Alimgeukia Springi, mikono imefunguka, akakuta uso ambao hakuwahi kuuona.

"Kile chuma cha zamani," Springi aliuliza, "kiko wapi?"

"Ni hicho hicho. Kimechongwa tu."

"Shangazi, mkalishe Baba kwenye benchi. Nakuja."

* * *

Stoo ya galari ilijaa makreti matupu na karatasi za kufungia kazi. Rula alifunga mlango nyuma yao. Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kuuliza maswali.

"Springi? Mzee amekubali. Hukusikia?"

"Nimesikia."

"Basi mbona..."

"Kile chuma ni cha cherehani ya mama yangu."

Tabasamu la Rula lilizimika.

"Ule mchechemeo ni mguu wake," Springi aliendelea, na ilimshangaza jinsi sauti yake ilivyotulia. "Haikuwa hitilafu. Kazi yote ilikuwa ni hiyo. Visahani ni mapambo tu. Nilimleta Baba amsikie mama."

Rula alitafuta kitu cha kukalia, akapata kreti. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini? Springi, lini? Ningekumbuka!"

"Karakanani kwako. Ile jioni unatengeneza ule mchoro wa njano. Nilikaa nyuma yako nikakueleza yote, kuanzia mguu wake mpaka tundu la chuma. Nilikuambia hata kwamba naogopa Baba atalia mbele za watu. Ukasema 'mmh.'"

"Nilikuwa..." Alijishika kichwa. "Nilikuwa nabandika utepe."

"Ulikuwa unabandika utepe."

"Ukinyanyua jicho wakati ule, mstari unaharibika. Unajua kazi yangu."

"Naijua. Ndiyo maana sikukusumbua. Nilifikiri macho yako kwenye utepe, masikio yako kwangu."

Nje watu walicheka kitu fulani, na gololi za chuma ziliendelea kubingirika ndani ya kioo. Rula alisimama ghafla.

"Nitalirudisha. Nisikilize. Nina jicho zuri, nililishika tundu lile mkononi, nakumbuka limelika wapi. Nitalichonga tena vilevile. Usiku na mchana, mpaka..."

"Utauchonga mguu wa mama yangu kwa rula?"

"Basi uliurekodi ule mlio? Hata kwenye simu?"

"Nani anarekodi kitu anachoamini kitakuwepo kesho?"

Hapo mwanamume akalia. Hakulia vizuri, kwa kuwa si mtu aliyezoea. Mabega yalimruka na shati lile lililonyooka likajikunja lote. Springi alimtazama na kila kitu ndani yake kilitaka kwenda kumkumbatia, kumfuta, kumwambia yaishe. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kwenda. Akaikunja kifuani.

"Twende nikamwambie mzee," Rula alisema. "Nitapiga magoti. Anifanye anachotaka."

"Usithubutu. Ukimwambia utakuwa umempa mke wake na kumnyang'anya kwa sentensi moja. Mwache. Anadhani ameisikia mashine nzuri."

"Basi niambie mimi nifanye nini. Chochote."

Springi alikuwa anakumbuka siku waliyojuana, jinsi mtu huyu asiyemfahamu alivyopita nyuma yake kwenye maonyesho mengine, akaisogeza kazi yake iliyoning'inia upande kwa kidole kimoja, na kuondoka bila neno. Alidhani huo ndio upole mkubwa kuliko wote. Tangu hapo Rula alikuwa amemsawazisha kola, amemrekebishia hadithi zake mbele ya marafiki, amempangia viatu mlangoni. Na yeye alipenda. Hakuna aliyemlazimisha.

"Rula, mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuolewa na wewe."

"Kwa ajili ya tundu la chuma?" Alilisema kabla hajalipima, akajiziba mdomo. "Sikumaanisha hivyo. Nisamehe. Sikumaanisha."

"Najua hukumaanisha. Sio tundu. Ningekuwa sikukuambia, leo ningelia na wewe, tungekwenda nyumbani pamoja. Lakini nilikuambia. Nilikupa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo, na hukuwepo. Ulikuwa umekaa pale pale, nakuona mgongo, na hukuwepo. Sasa nitakuambia nini tena maishani, nikiwa na uhakika kwamba umesikia?"

"Nitajifunza."

"Labda utajifunza. Lakini kila utakapojibu 'mmh' mezani nitasikia kile kimya cha chumba cha mwisho. Nitakuchukia, Rula. Polepole, mwaka baada ya mwaka, nikiwa nakupikia chai. Sitaki kukuchukia."

"Na sasa hivi? Hunichukii?"

"Sasa hivi nakupenda mpaka sioni mlango uko wapi. Hilo ndilo linaloniua."

Rula alimsogelea, na safari hii Springi hakukunja mikono. Aliweka paji lake la uso kifuani pake, palipokuwa panadunda kwa kasi, akavuta harufu ya rangi mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kujaza ndoo kabla bomba halijakatika. Mikono ya Rula ilimzunguka.

Mlango ulifunguliwa. "Kumbe mko huku!" Dada Mkuu alisema, miwani sasa ikiwa mahali pake. "Mpiga picha wa gazeti anawataka nyie wawili. Nimemwambia mmechumbiana hapa hapa galarini, jamani, habari tamu kama nini! Njooni mbele ya ile mashine."

Wakaenda. Wangefanya nini? Walisimama mbele ya visahani vinavyopishana bila sauti, na mpiga picha akainua kamera, akaishusha.

"Sogeeni bwana, mbona mmesimama kama mnagombea shamba? Bwana harusi, mshike mwenzako! Dada, cheka kidogo."

Springi alicheka kidogo. Picha ilitoka nzuri, walisema baadaye walioiona.

* * *

Shangazi aliendesha gari kama kawaida yake, akigombana na kila taa ya barabarani. Baba alikaa nyuma na binti yake.

"Baba," Springi alianza. "Sitaolewa na Rula."

Gari lilikanyagwa breki mpaka wote wakasogea mbele. "Nini?" shangazi aligeuka mzima mzima. "Mimi nimeshawaza nguo!"

"Endesha," baba alisema. "Tuko katikati ya barabara." Akasubiri gari lishike mwendo. "Amekukosea?"

"Hakukusudia kunikosea."

"Hilo silo nililouliza."

Springi alitazama nje. Maduka yalipita, mtu na baiskeli yake, jengo lililofungwa nondo nje.

"Kile alichokipeleka kwa fundi," baba alisema kwa sauti ya chini, "kilikuwa cha cherehani."

"Hapana, Baba."

"Mwanangu. Nilikwenda stoo juzi. Nilipapasa chini ya ile shuka, nikakuta pengo. Nikasema, huyu mtoto kuna kitu anakifanya. Sikulala kwa furaha. Kwa nini unadhani nilisumbua watu na mashati leo?"

Machozi yaliyomkataa stoo sasa yalimjia yote kwa pamoja. Alijaribu kuyanyamazisha, lakini kwa mtu asiyeona hakuna mahali pa kuficha pumzi inayokatika. Mkono wa baba ulimtafuta, ukampata kichwani, ukakaa hapo.

"Ulijua," alisema. "Umesimama pale, anakueleza mambo ya bushi, unajua. Na bado ukakubali."

"Ningefanyaje? Kijana alikuwa na furaha kiasi kile. Na nilidhani wewe umeshamsamehe, maana ulinyamaza. Nikasema mimi ni nani nibaki na kinyongo."

"Sijaweza, Baba. Nimejaribu."

"Basi hujaweza. Sitakusukuma." Alimeza mate. "Ila niambie kitu kimoja. Kabla hajakigusa. Kilikuwa kinalia vilevile?"

"Vilevile. Ungekuwa chumba cha pili ungemwita mama."

Baba aliinamisha kichwa kukubali, tena na tena. Shangazi mbele alipita taa ya barabarani bila kugombana nayo, jambo ambalo halijawahi kutokea ndani ya gari lile.

"Nifanyie," baba alisema.

"Nini, Baba?"

"Wewe umekisikia mwisho. Nifanyie kwa mkono."

Springi alijifuta pua. Alikunja kidole, akagonga mlango wa gari. Tak-tak. Tak.

"Hapana. Ya tatu inachelewa zaidi."

Tak-tak... tak.

"Sasa umechelewa mno. Huo ni wa mgonjwa. Mama yako hakuwa mgonjwa."

"Mimi nakumbuka ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzito," shangazi alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Wewe ulikuwa unakuja kula tu," baba alimwambia, lakini bila utani wake wa siku zote. "Jaribu tena, mwanangu. Usifikiri. Gonga tu."

Aligonga tena. Aligonga akiwa amefumba macho, akaifikiria shingo ya mama iliyoinama chini ya taa, nyuzi mdomoni, kiatu chenye soli nene. Alichokipata kilikuwa vidole vyake mwenyewe kwenye plastiki ya mlango. Kila mara kilikuwa karibu, na kila mara baba alitikisa kichwa, hadi yeye mwenyewe akawa hana uhakika tena alichokisikia karakanani kilikuwaje.

"Lete," baba alisema. "Nimekaa nao miaka yote ile. Mimi ninao."

Aliweka mkono gotini, akanyoosha kidole, akagonga mara mbili. Mara ya tatu kidole kilibaki hewani. Baba alikunja uso, akaanza upya, mara mbili, akasimama tena pale pale. Shangazi alipunguza mwendo ingawa barabara ilikuwa tupu.

"Ilikuwa..." baba alisema. "Subiri. Ilikuwa..."

Wakamsubiri.